Tawi la Njia Panda ya Tatu

Ngalula aliogopa tangu walipoacha gari.

Tuseme mapema, maana mwenyewe asingekubali kusema. Mwanamke huyu, afisa wa upelelezi, OPJ kama wanavyoitwa mjini Lubumbashi, aliwahi kuingia peke yake katika nyumba ya majambazi wawili kule Annexe akiwa na kalamu tu mkononi, akatoka nao wote wawili. Lakini mlima ulimshinda. Alizaliwa Hewa Bora, mahali tambarare, ambapo kitu kirefu kuliko vyote ni mnara wa simu, na hata huo mnara hakuwahi kutamani kuupanda. Leo alikuwa anapanda ukuta wa mawe ya mchanga, jiwe jekundu juu ya jiwe la rangi ya asali, kwenye kijia ambacho upana wake haukuzidi mkeka wa mtu mmoja. Mkono wa kulia kulikuwa na jiwe. Mkono wa kushoto hakukuwa na kitu, hewa tu, na ndege walikuwa wanaruka chini ya miguu yao.

"Mama OPJ, usiangarie chini," alisema Musonda aliyekuwa mbele. "Angaria mugongo yangu tu."

"Niko naangaria mugongo yako tangu saa kumi na mbili, Mama Musonda. Sasa ninaijua kupita ya kwangu."

Nyuma yake mwanamume alicheka kwa upole. Huyo alikuwa Clément, mwenye duka la vitabu vya shule kule Kampemba, na rais wa klabu ya matembezi. Kila mwezi klabu hiyo iliwaleta watu wa mjini kwenye vijia hivi, nje kidogo ya Kundelungu, kutazama maporomoko ya maji na kupiga picha za mawe. Walikuwa watatu tu leo, na walipangwa hivyo makusudi. Musonda alitembea mahali pa mume wake Kangwa, kiongozi wa njia. Ngalula alitembea mahali pa marehemu. Clément alitembea mahali pake mwenyewe, mwisho wa mstari.

Marehemu aliitwa Madeleine Mwenze, mwalimu wa jiografia, miaka thelathini na nne. Jumamosi iliyopita alitembea njia hii pamoja na wenzake wa klabu. Kwenye njia panda ya tatu wenzake walikwenda kulia, yeye akaenda kushoto, na kushoto njia inaishia kwenye ukingo. Walimkuta chini. Jumapili Kangwa alifungwa, kwa sababu kazi ya kiongozi ni kufunga njia mbaya, na hakuna aliyekumbuka kuiona imefungwa. Leo Ijumaa hakimu alikuwa amekwisha kutia sahihi. Saa tisa alasiri kamyoni, lori la polisi, ingewachukua mahabusu kwenda gereza kubwa.

Na Kangwa alikuwa na pumu. Siku tano katika kashot, chumba cha mahabusu cha polisi, zilikuwa zimemfanya apumue kwa kupiga mluzi. Musonda alimpelekea chakula kila siku, akausikia ule mluzi kupitia mlangoni.

"Mule mu gereza bantu banalala bamebanana," alimwambia Ngalula jana. "Ile kifua haitatoka, Mama OPJ. Nisikudanganye. Akiingia mule, njo mwisho."

Ngalula aliinuka. Aliomba gari.

*

Njia panda ya kwanza ilikuwa katikati ya miti ya muputu. Musonda alishika tawi lenye majani, akalikunja, akalisokota mpaka likang'oka, kisha akalilaza kukingama njia ya kushoto.

"Ni vile bwana yangu anafanyaka. Tawi na majani yake, mu njia yenye haiko ya kupita. Ata mutoto wa huku anajua. Ukikuta tawi, ile njia imefungwa, unashika ingine."

"Hakati na panga?"

"Apana. Kangwa habebake panga kama iko na bageni. Anasema bageni banaogopa."

Walipita. Nyuma yao Ngalula alisikia mti ukilia. Aligeuka, akamwona Clément ameokota lile tawi, amelivunja kwa goti. Vipande viwili vilishikana kwa ganda. Akavisokota vikaachana, akatupa kimoja bondeni, kisha cha pili, akapangusa mikono kwenye suruali. Alifanya haraka bila kufikiri, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake.

"Na hiyo juu ya nini, Papa Clément?"

"Tawi nzima iko inasema, chef. Siye tukishapita, kazi yake imekwisha. Ukiiacha nzima, kesho mutu mwengine anaikuta na inamufungia njia yake ya haki. Njo maana mufungaji anavunja."

Mufungaji ni mtu wa mwisho wa mstari, yule anayehakikisha hakuna aliyebaki nyuma. Clément alikuwa mufungaji wa klabu kwa miaka kumi na mbili. Na chef ni mkubwa, kama raia wanavyowaita polisi.

"Kila tawi unavunja?"

"Kila tawi, chef."

Ngalula alichuchumaa, huku mkono mmoja umeng'ang'ania shina la mti, akapekua majani makavu kando ya njia. Alipata kipande cha tawi la Jumamosi, kimekwama kwenye nyasi. Majani yalikuwa yamekauka lakini bado yameshikilia. Mahali pa kuvunjika palikuwa na nyuzi nyuzi na ganda lililochanika refu. Akakivunja tena katikati. Kikakatika mara moja, ta! bila uzi hata mmoja.

"Unatafuta nini, Mama OPJ?" Musonda aliuliza.

"Ninajifunza. Mti mbichi ukivunjwa unaacha nyuzi. Mkavu unakatika safi." Akaandika kwenye daftari, kwa herufi mbaya. "Basi hiki kilivunjwa siku ileile ya Jumamosi, kikiwa kibichi. Hakikuvunjwa na watu waliokuja siku zilizofuata kutafuta maiti."

"Chef alisoma," alisema Clément.

"Chef anaogopa, na akiogopa anaandika. Tuendelee."

*

Kwenye njia panda ya pili kijia cha kushoto kiliteremka kijijini. Musonda aliweka tawi lake, na alipokuwa anainuka alifanya ishara ya msalaba.

"Apa njo Tata Stéphane alipotea," alisema. "Mwaka jana, mu baridi hii hii. Alikuwa muzee wa klabu. Alichoka ku maporomoko, akasema atashuka polepole ku mugini peke yake. Alifika apa, akakuta tawi nzima, mu njia ya mugini. Basi akasema imefungwa. Akashika ile ingine. Balimupata kisha siku tatu, alikufa na baridi."

"Nani alikuwa mufungaji siku ile?"

Musonda alitazama nyuma. Clément alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu.

"Ile tawi haikuwa ya klabu, chef," alisema akiwa bado ameinama. "Ilikuwa ya bantu ba mugini. Tuliulizwa yote mwaka jana."

Ngalula aliandika. Hakutilia maanani sana, na hapo ndipo alipokosea, maana wiki nzima kichwa chake kilikuwa kwa mtu mwingine. Mtu huyo aliitwa Dan. Dan alikuwa mchumba wa Madeleine mpaka mwezi wa tano, waligombana mbele za watu, na Jumamosi alitembea mbele ya Madeleine moja kwa moja. Mtu wa mbele anaweza kuondoa tawi kabla ya mtu wa nyuma hajafika. Ngalula alikuwa amemhoji mara mbili. Mara zote mbili alilia, na Ngalula hapendi watu wanaolia upesi.

Nyuma yao tawi la pili lililia kwenye goti la Clément.

*

Njia panda ya tatu ilikuwa pana. Jiwe lilitandazika hapo kama sakafu, upepo ukapita juu yake bila kizuizi. Kulia, kijia kiliingia tena kwenye miti kuelekea maporomoko. Kushoto, hatua thelathini hivi, jiwe liliisha. Liliisha tu. Baada yake ilikuwa mbingu.

Ngalula alisimama katikati, mbali na kila upande. Alitamani kukaa chini, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, alikaa.

"Nisome maneno yako, Papa Clément. Uliyatia sahihi Jumatatu." Alifungua daftari. "Unasema hivi: 'Nilibaki nyuma, kiatu kilinisumbua. Nilipofika njia panda ya tatu sikumwona mtu. Hakukuwa na tawi. Kama lingekuwapo ningelivunja, kama ninavyovunja yote. Nilikwenda kulia, na kwenye maporomoko ndipo tulipoona kwamba Madeleine hayupo.' Ni vile?"

"Ni vile, chef."

"Wale wengine sita wanasema hawakumbuki tawi. Walikuwa wanatazama mgongo wa mtu wa mbele. Hilo ninaliamini, mimi mwenyewe leo sijaona kitu ila mgongo."

Musonda hakucheka. Alikuwa anazunguka ukingoni mwa miti, anapekua. Ghafla alipiga kelele.

"Mama OPJ! Tawi! Tawi iko huku!"

Ngalula aliinuka mbio akasahau woga. Chini ya kichaka, upande wa kushoto kabisa, lilikuwapo tawi zima lenye majani makavu. Musonda alikuwa analivuta, machozi yanamtoka. Kisha alifika kwenye shina lake, akaacha kuvuta.

Shina lilikuwa limekatwa kwa mapigo mawili ya mshazari, safi kabisa.

"Ni panga," alisema Musonda kwa sauti ndogo. "Haiko ya bwana yangu."

"Ni ya wale waliobeba maiti," alisema Clément. "Balikata matawi ya kutengeneza machela. Pole, Mama Musonda." Alimsogelea Ngalula, akashusha sauti. "Chef, sikutaka kusema mbele yake. Madeleine alikuwa na huzuni tangu ile mambo na Dan. Mutu mwenye huzuni, mu fasi kama hii... Pengine hakuna mwenye kosa."

Hilo nalo liliandikwa. Ngalula alitazama saa. Saa tano na robo. Kushuka mpaka kwenye jiwe la pekee lenye mtandao wa simu ni mwendo wa saa tatu na zaidi. Kama angerudi na daftari hili tu, kamyoni ingeondoka na Kangwa, na Musonda angeshuka huku akijua hivyo kila hatua.

"Mama Musonda, enda ku njia panda ya ine, uweke tawi pale, kisha ungoye. Ninataka kujua mtu aliye kule anasikia nini cha huku."

Musonda alijipangusa uso, akaondoka. Haikuwa mbali, hatua mia hivi, lakini miti ilimmeza.

Ngalula alibaki na swali moja. Tuseme Kangwa alifunga. Tuseme mtu alitoa tawi. Mtu anayetaka lisionekane atalitupa wapi? Alijua jibu na hakulipenda.

Alikwenda kwa miguu hatua kumi. Kisha alikwenda kwa magoti. Hatua za mwisho alikwenda kwa tumbo, OPJ mzima wa jamhuri, anatambaa juu ya jiwe, huku anasema jina la mama yake kimoyomoyo. Alichungulia.

Bonde lilimvuta macho, akayafumba. Alipoyafumbua aliyalazimisha yatazame karibu. Kiasi cha mkono mmoja na nusu chini ya ukingo jiwe lilitoa kijukwaa chembamba chenye kichaka, na ndani ya kichaka kulikuwa na majani makavu ambayo si ya kichaka kile.

"Kuko kintu, chef?" Clément aliuliza. Alikuwa amekuja bila sauti.

"Majani. Siyafikii."

"Nitakukamata miguu. Usiogope, mi nimezoea."

Na kabla hajafikiri, mikono miwili ilimshika vifundo vya miguu. Ilikuwa mikono yenye nguvu. Alijisukuma mbele, kifua kikapita ukingo, nywele zikaanguka usoni, akanyoosha mkono na kuvitenga vijiti vya kichaka.

Kilikuwa kipande cha tawi la muputu. Kando yake, kipande cha pili. Mahali pa kuvunjika palikuwa na nyuzi nyuzi na ganda lililochanika refu.

Lilivunjwa bichi. Lilivunjwa Jumamosi.

Upepo uliendelea kupiga na Ngalula aliendelea kuning'inia, na kichwani mambo yalipangana yenyewe, moja baada ya jingine, wala hakuweza kuyazuia. Kangwa alifunga njia. Mtu akalitoa tawi. Dan angelitoa, angelitupa zima, maana mtu wa katikati ya mstari havunji, hana sababu. Anayevunja ni mmoja. Anavunja kwa goti, anasokota, anatupa kipande, kisha kipande, anapangusa mikono. Na mtu huyo ameandika na kutia sahihi kwamba hapa hakukuwa na tawi.

Na mtu huyo ndiye amemshika miguu.

Aliogopa. Hakuna maneno mengine ya kuliremba jambo hili. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, nusu yake juu ya jiwe, nusu yake hewani, na aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu azaliwe.

"Unaona nini, chef?"

"Kuni tu."

Mikono haikumvuta. Iliongeza kubana.

"Kuni ya namna gani?"

"Kavu. Ya zamani. Nivute, Papa Clément, damu inashuka kichwani."

Angesema anaviacha vile vipande, pengine angevutwa. Angeshuka mzima, na kesho kijukwaa hiki kingekuwa tupu, na saa tisa leo kamyoni ingeondoka. Vipande viwili vya mti vilikuwa mbele ya pua yake. Mkono wake ukanyooka na kuvishika vyote viwili. Kisha akajaza kifua hewa.

"Musondaaa! Musonda, kuya! Nimeiona tawi ya Kangwa! Kuyaaa!"

Bonde lote lililirudisha jina.

"Haukupashwa kupiga kelele, chef," Clément alisema taratibu, nyuma yake. Sauti haikuwa na hasira, na hilo lilimtisha zaidi. "Bantu banaangukaka apa."

Mkono mmoja uliachia. Mguu wa kushoto ulipaa, mwili ukazunguka, kiuno kikateleza juu ya mchanga laini wa jiwe. Ngalula alipiga kelele bila maneno. Mkono wake uliokuwa huru ulikamata shina la kichaka. Shina likalia, likakubali kwa muda. Hakuachia vipande. Baadaye alijiuliza sana kwa nini hakuviachia.

Mkono wa pili wa Clément bado ulishika kifundo chake. Alihesabu pumzi za yule mwanamume, tatu, nne, tano. Halafu akasikia miguu inakimbia juu ya jiwe, na kitu kizito kikamwangukia mapajani kikambana chini, na kitu hicho kilikuwa kinalia na kumwita Mungu kwa Kibemba. Musonda alikuwa mwanamke mkubwa. Ngalula hakuwahi kushukuru mwili wa mtu namna ile.

Alivutwa kwa mshipi, kwa shati, kwa nywele. Alipopata jiwe lote chini ya tumbo lake alibaki amelala, shavu limegusa mchanga, anakohoa. Kisha alikumbuka kazi, akajigeuza, akatoa pingu.

Hazikuhitajiwa haraka. Clément alikuwa ameketi hatua chache nyuma, anatazama viganja vyake.

"Ulinishika," Ngalula alimwambia, sauti ikimkwaruza. "Ungeweza kuachia mkono wa pili."

"Mukono ilikatala. Mara ya kwanza ilikubali, leo ilikatala."

"Madeleine alikufanya nini?"

Musonda alikuwa amesimama mbele ya Clément na ngumi zimekunjwa, na Ngalula alimnyooshea mkono angoje.

"Tata Stéphane," alisema Clément. "Ile tawi ya mwaka jana ilikuwa yetu. Mi njo nilikuwa mufungaji. Nilikuwa na haraka, sikuivunja. Madeleine alipata foto ya siku ile mu telefone yake, tawi iko, mi niko napita. Aliniambia apa apa, Jumamosi. Alisema Jumapili ataenda kwa mujane wa Stéphane, kumwambia. Nilimwomba. Alisema apana." Alimeza mate. "Nilimwambia basi kuya tuone bonde kwanza. Alinifuata. Kisha nikarudi kutoa tawi ya Kangwa."

Ngalula aliinua vipande viwili, akavikutanisha. Nyuzi ziliingiana, ganda likakaa juu ya ganda.

"Ungelitupa zima, Papa Clément. Hakuna mtu duniani angejua. Ungelitupa tu."

Clément alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Nzima? Chef, na bantu benye watapita? Wangepotea."

Musonda aligeuka akatapika juu ya jiwe.

*

Walishuka. Clément alitangulia na pingu zake, Musonda katikati, Ngalula mwisho, vipande vya tawi vimefungwa katika kitambaa cha kichwa cha Musonda. Kushoto kulikuwa na jiwe sasa, na kulia hewa, na Ngalula aliogopa kila hatua ya njia, lakini alikwenda mbio. Alianguka mara mbili. Mara ya pili goti lilitoka damu, akasema neno ambalo wazazi wake, watu wa kanisa, hawajui kama analijua.

Jiwe la mtandao lilikuwa juu tu ya kijiji. Saa nane na dakika hamsini na mbili. Simu ilionyesha mstari mmoja, ikaupoteza, ikaupata. Aliinyanyua juu ya kichwa akabonyeza jina la mkubwa wake, Komanda Mukuka, akaweka sauti itoke nje.

"Ngalula? Uko wapi? Siku mbili..."

"Komanda, kamyoni."

"Kamyoni gani? Iko apa mu cour ya polisi, banapandisha bantu."

"Kangwa?"

"Kangwa alisha kupanda."

"Mushushe."

"Ngalula, hakimu alitia sahihi—"

"Niko na mutu, Komanda. Niko naye apa na pingu, alisema yote mbele ya shahidi, na kithibitisho kiko mu mukono yangu. Mushushe ule mutu. Ninakuomba. Mushushe sasa, sahihi nitaitafuta mi mwenyewe."

Walisikia Mukuka akivuta pumzi. Kisha viatu vinatembea, injini inanguruma, mlango wa chuma. Mtu alipaza jina la Kangwa mara mbili. Musonda alikuwa ameshika mkono wa Ngalula, anauminya mpaka mifupa inauma, na Ngalula alimwacha auminye.

Mstari wa mtandao ulipotea. Ukarudi. Sasa kulikuwa na mluzi ndani ya simu, mluzi mwembamba wa kifua, unakwenda na kurudi.

"Kangwa?" alisema Musonda. "Baba, ni mi. Banajua. Ni Président wa klabu njo alifanya. Banajua yote. Haukukosa kintu."

Mluzi ulikwenda, ukarudi, ukakwenda. Mtu aliyekuwa kwenye simu alikuwa anatafuta hewa ya kutosha maneno machache, na wote watatu pale juu ya jiwe, hata yule mwenye pingu, walingoja aipate.

"Ule mama mwalimu," alisema Kangwa. "Balisha kumuzika?"

Musonda alifunika mdomo kwa kiganja, kisha akakiondoa.

"Kesho," alimwambia. "Tutakungoya, tuende wote."